UZI: T Coronae Borealis ilitakiwa kulipuka tangu 2024. Tumeingizwa mjini au kuna jambo hatulielewi?

#1 Mlinzi_wa_Usiku (Dodoma)
Wakuu, habari za usiku.

Mwaka jana vyombo vya habari vilituambia kuna nyota "mpya" itaonekana kwa macho matupu kabla Septemba 2024 haijaisha. NASA wenyewe walitoa taarifa hiyo. Inaitwa T Coronae Borealis, yaani iko kwenye kundi la nyota liitwalo Corona Borealis. Kwa kweli ni nyota mbili zinazozungukana kila siku 227 na ushee: jitu jekundu lililozeeka na kuvimba, na kibete cheupe kidogo lakini kizito kuliko Jua. Jitu linamwaga gesi, kibete kinaikusanya, ikijaa inalipuka. Mara ya mwisho ilikuwa Februari 1946, na kabla ya hapo Mei 1866. Hesabu ya darasa la nne inakupa miaka themanini.

Septemba ikapita. Krismasi ikapita. Wakasema basi Machi 27, 2025, nayo ikapita. Sasa tuko Julai 2025 na mimi bado natoka nje kila mbingu ikiwa safi, jirani ameshaanza kuniuliza kama nalinda kitu. Msimamo wangu: wataalamu walikurupuka. Mwenye hoja aje.

#2 Kijiweni_Tu
Nimeweka kambi. Siti ya mbele, karanga mkononi.

#3 NairobiBaridi
Sisi huku hata ikilipuka leo usiku itatupita. Nairobi mwezi wa saba ni mawingu kutoka Jumatatu hadi Jumatatu. Jua lenyewe tunalisikia kwa watu wa Mombasa.

#4 Fizikia_Kavu
Mlinzi, kabla ya kuwaambia wenzako wamekurupuka, rudia hesabu yako. Kuanzia Mei 12, 1866 hadi Februari 9, 1946 ni miaka 79 na miezi tisa, si themanini. Weka muda huohuo juu ya Februari 1946, unaangukia Novemba 2025. Sasa imechelewa wapi?

Ile tarehe ya 2024 haikutoka kwenye kalenda. Ilitoka kwenye tabia ya nyota yenyewe. Miaka kadhaa kabla ya 1946 iling'aa zaidi kidogo kuliko kawaida yake, ikakaa hivyo, halafu mwaka mmoja hivi kabla ya mlipuko ikafifia. Mwaka 2015 ikapanda tena vilevile, na 2023 ikaanza kushuka. Bradley Schaefer wa Louisiana, ambaye amechimba kumbukumbu za nyota hii hadi vumbi likaisha, akalinganisha michoro miwili na kusema: katikati ya 2024. Alikuwa na sababu.

#5 Mlinzi_wa_Usiku
Alikuwa na mfano MMOJA. Wa 1866 hakuna aliyekuwa akipima mwanga wake kwa miaka kumi kabla. Ukiona ng'ombe mmoja anakojoa kabla ya mvua, huwezi kuanzisha idara ya hali ya hewa.

#6 Kijiweni_Tu
😂😂 Idara ya hali ya hewa! Haya, swali la sisi wa mwisho darasani: hii supanova ikilipuka inatufikia? Nina mkopo wa bodaboda, nijue kama niendelee kulipa.

#7 BintiPangani
Endelea kulipa. Hii siyo supanova, ni nova. Supanova nyota inakufa. Nova ni ngozi ya juu tu inayofyatuka, kibete kinabaki na kinaanza kukusanya upya. Ndiyo maana inajirudia. Na iko umbali wa miaka ya nuru kama 3,000, hata mbu wako hatastuka.

#8 MwanaFalaki_Tanga
Wengi wanaruka hatua ya katikati, ngoja niiweke vizuri maana ndiyo yenye utamu.

Jitu limevimba hadi tabaka zake za nje zimefika mpaka ambapo mvuto wa kibete unashindana na wake. Gesi ikivuka mpaka huo si mali yake tena. Lakini haidondoki moja kwa moja, kwa sababu mfumo mzima unazunguka. Inajiviringa kuwa sahani pana kukizunguka kibete, inasuguana yenyewe kwa yenyewe, inapata joto, inapoteza mwendo, ndipo inatua polepole. Na mahali inapotua ni pa ajabu: tufe lenye ukubwa kama wa Dunia lakini limebeba uzito wa Jua na theluthi yake juu.

Sasa hidrojeni inabanwa pale chini mwaka hadi mwaka. Gesi ya kawaida ikipata moto inatanuka, ikitanuka inapoa, mambo yanaisha. Ile ya chini ya tabaka imebanwa kupita kiasi, joto likipanda yenyewe haitanuki. Ni sufuria ya presha iliyozibwa tundu la mvuke. Joto linachochea muungano wa nyuklia, muungano unaongeza joto, joto linachochea tena, hadi tabaka zima linafyatuka. Kwa kawaida mfumo huu uko daraja la 10 la mwangaza (namba ikiwa ndogo ndiyo nyota kali zaidi), macho matupu hayafiki hata karibu. Ukilipuka unafika daraja la 2. Hiyo ni kuongezeka zaidi ya mara elfu moja na mia tano ndani ya saa chache.

Swali la Mlinzi kwa hiyo linageuka kuwa swali la mtiririko: jitu limemwaga kiasi gani tangu 1946?

#9 Kijiweni_Tu
Nimekuelewa mkuu. Kwa hiyo mzee kibonge ananyonywa na kijana mfupi. Mtaani kwetu wapo.

#10 BintiPangani
Umegeuza umri. Wamezaliwa pamoja, na huyo mfupi ndiye alikuwa mkubwa wa mwili. Nyota nzito inateketeza mafuta yake haraka, kwa hiyo ndiye aliyetangulia kuvimba kuwa jitu, akavua tabaka za nje zote, akabaki kiini kitupu. Mwenzake aliyekuwa mwepesi ndiyo kwanza anafikia uzee. Yaani kibete alishapita njia hiyohiyo zamani.

#11 Kijiweni_Tu
Kumbe ni marehemu anayelishwa na mjane. Hii ni tamthilia ya Kifilipino kabisa.

#12 MuscatMjini
Assalaam alaykum ndugu zangu. Mbona mnagombania Novemba au Juni? Kama iko miaka ya nuru 3,000, basi imeshalipuka zamani, Firauni yuko hai. Sisi tunasubiri habari iliyokwisha kuwa chakavu.

#13 Fizikia_Kavu
Wa alaykum salaam. Ni kweli, ila "imeshalipuka" mara moja? Kama mwendo wake wa miaka 80 haukubadilika, kuna nuru ya milipuko kama 37 iko njiani sasa hivi, imepangana foleni kati yao na sisi. Tunachogombania ni ule wa mbele kabisa kwenye foleni.

#14 MuscatMjini
Subhanallah. Hiyo ya foleni sikuifikiria.

#15 Mzee_wa_Songea
Vijana, mnaongelea nyota hii kama iligunduliwa na NASA. Mwaka 1866 iliandikwa na Huggins, mnajimu wa London.

#16 MwanaFalaki_Tanga
Shikamoo mzee. Huggins hakuwa wa kwanza kuiona. Aliyeiona ni John Birmingham, Mwairishi wa Tuam, usiku wa Mei 12, alikuwa anarudi nyumbani akainua macho akakuta kuna nyota isiyokuwepo. Aliandika barua London, Huggins akaelekeza kifaa chake cha kupasua nuru, akakuta mistari inayong'aa ya hidrojeni. Hapo ndipo watu walipopata ushahidi wa kwanza kwamba nyota za namna hii ni gesi ya moto inayofyatuka. Kwa hiyo wote wawili wana haki yao, kila mtu na kipande chake.

#17 Mzee_wa_Songea
Marahaba. Huggins ndiye aliyejua ni kitu gani. Kuona tu hata mbuzi anaona.

#18 BintiPangani
😂 Basi mbuzi wa 1946 walikuwa wengi. Mmoja alikuwa mlinzi wa reli kule Umoja wa Kisovieti, Kamenchuk. Mwingine kijana wa miaka 15 huko Wales, alichungulia dirishani usiku, akamwandikia mnajimu mkuu wa ufalme. Profesa aliyekuwa amelala usingizi wa haki hakuiona.

#19 MwanaFalaki_Tanga
Na kuna aliyeumia kuliko wote. Leslie Peltier, mtu wa shambani Ohio, mmoja wa watazamaji hodari wasiolipwa kuwahi kutokea. Aliichunga T Coronae kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano. Usiku wa Februari 1946 aliamka kwa saa ya kengele, akajisikia mafua, akarudi kitandani. Ndio usiku wenyewe.

#20 Mlinzi_wa_Usiku
Hiyo imeniingia mfupani. Nimeagiza tangawizi ya akiba.

#21 NairobiBaridi
Mafua ya huku hayana likizo, mimi ningeikosa kila mwaka.

Lakini nirudi kwa hoja ya Mlinzi, kwamba mfano ni mmoja. Nimewahi kusoma kuwa kuna milipuko mingine ya zamani, 1787 na 1217. Hapo si tunapata minne?

#22 Fizikia_Kavu
Schaefer ndiye aliyeileta. Wa 1787 ni wa Francis Wollaston, kasisi Mwingereza, aliweka nyota kwenye orodha yake ya nyota mahali ambapo kwa kawaida hapaonekani kitu. Wa 1217 ni wa Burchard, abati wa Ursberg kusini mwa Ujerumani, aliandika kuhusu nyota iliyong'aa kwa siku nyingi kwenye kundi la Corona Borealis. Ukichukua 1787 na 1866 unapata miaka 78 na kitu. Inaoana.

#23 Mlinzi_wa_Usiku
Huyo abati wa 1217 alikuwa na darubini gani? Si kometi, ile yenye mkia?

#24 Fizikia_Kavu
Hakuwa nayo, wala hakuihitaji. Daraja la 2 unaliona ukiwa umelewa. Kuhusu kometi, Schaefer anajibu kwamba abati aliiita nyota na akaitaja kama ishara njema, wakati enzi hizo kometi zilihesabiwa kuwa mkosi. Wewe ukikataa una haki ya kukataa, ni maandishi ya miaka 800.

#25 Mlinzi_wa_Usiku
Nakataa. Nabaki na milipuko miwili iliyopimwa.

#26 Lushois
Bandugu, jambo. Mimi niko Lubumbashi, mbingu iko wazi lakini huu ni muda wa kuchoma majani, moshi ni mwingi upeoni. Naomba munionyeshe mahali pa kuangalia. Ramani za kwenye simu zinanipoteza.

#27 Kilimia7 (Lamu)
Jambo sana. Saa tatu usiku hivi, simama ukielekea kaskazini. Kushoto kwako kuna nyota kali ya rangi ya chungwa, hiyo ni Arcturus. Kulia, chini kidogo, kuna nyeupe yenye ubuluu, Vega. Chora mstari kati yao. Ukitoka Arcturus, kama theluthi ya njia, utakutana na nyota ndogo zilizopangwa nusu duara, mdomo ukiangalia chini kwa sisi tulio kusini mwao. Moja inawazidi wenzake wote, ndiyo Alphecca. Sasa fuata nusu duara upande wa kulia hadi karibu na mwisho, kuna nyota hafifu, Epsiloni ya kundi hilo. Nyoosha mkono, pima nusu ya upana wa kidole gumba kutoka hapo, juu kidogo na kulia. Hapo utaona giza tupu. Hilo giza ndilo tunalolichunga.

Kwako Lubumbashi litakuwa nyuzi 52 hivi juu ya upeo likifika kileleni, moshi wa chini haufiki huko. Dar nyuzi 57, Nairobi 63 (kama mawingu yapo tayari kupisha).

#28 MuscatMjini
Kwetu linapita karibu na utosi. Nimelala juu ya dari sasa hivi, joto halilaliki ndani. Nimeiona Alphecca.

#29 Kilimia7
Wewe ndiye utakayetutangazia basi. Alama yako ni hii: siku ukikuta nyota MBILI zenye ukali sawa kwenye lile kundi badala ya moja, piga kelele. Na usichelewe, kwa macho matupu inabaki siku chache tu, haitimizi hata wiki mbili.

Halafu hiyo Alphecca yenyewe nayo ni nyota mbili, mmoja anapita mbele ya mwenzake kila siku 17 na ushee. Mbingu imejaa ndoa, sisi tunaona mmojammoja.

#30 Kijiweni_Tu
Jana usiku niliona kitu kikali sana upande huohuo kikisogea. Nikamwamsha mke wangu. Nikamwambia, T Coronae.

#31 BintiPangani
Nyota haisogei hivyo. Satelaiti hiyo.

#32 Kijiweni_Tu
Mke wangu naye alisema hivyohivyo, ila kwa maneno makali zaidi.

#33 MwanaFalaki_Tanga
Turudi kwenye swali. Ile tarehe ya Machi 27 haikutoka NASA. Ni ya Jean Schneider wa Paris. Aliona kwamba muda kati ya 1866 na 1946 unagawanyika sawasawa kwa mzunguko wa siku 227: mizunguko 128 kamili. Akasema labda mlipuko hutokea jitu na kibete wakiwa mahali fulani maalumu pa njia yao, huenda kuna mwili wa tatu unaovuta mambo. Kwa hiyo baada ya mizunguko 127 kutoka 1946 ilikuwa Machi 27, 2025. Ya 128 ni Novemba 10, 2025. Ya 129 ni Juni 25, 2026, kisha Februari 2027.

#34 Mlinzi_wa_Usiku
Mnaona? Mtu akitaja tarehe nne mfululizo, moja itamwangukia tu.

#35 Fizikia_Kavu
Hapa niko na Mlinzi. Njia yao ni karibu duara kamili. Kama umbali kati yao haubadiliki, kwa nini upande mmoja wa njia uwe na bahati mbaya kuliko mwingine? Huyo mwili wa tatu hakuna aliyemwona. Na kugawanyika sawasawa kwa muda mmoja tu hakutoshi.

Lakini ona Novemba 2025 ilivyojitokeza tena, kwangu na kwa Schneider. Hiyo ni kwa sababu wote tumetumia tarehe mbili zilezile. Msije mkasema ni ushahidi wa pande mbili.

#36 BintiPangani
Mimi natazama RS Ophiuchi. Ni ndugu yake kabisa: jitu jekundu, kibete cheupe kizito, milipuko inayojirudia. Ililipuka 1958, 1967, 1985, 2006 na 2021. Piga mapengo: miaka 9, kisha 17 na ushee, kisha 21, kisha 15. Ndugu yake hana saa. Kwa nini tunamdai T Coronae awe na saa ya Uswisi?

#37 MwanaFalaki_Tanga
Hoja nzito. Na ndipo maelezo yanapogawanyika. Wapo wanaosema kosa liko kwa jitu: ni nyota kuukuu, uso wake unachemka, unavimba na kusinyaa, kwa hiyo mwaka mmoja linamwaga gesi nyingi, mwingine kidogo. Wapo wanaosema jitu linamwaga sawasawa, kinachobadilika ni sahani. Gesi inarundikana kwenye sahani miaka mingi bila kutua, halafu sahani inapoteza utulivu na kuimwaga kwa mkupuo. Kwa hawa, kile kipindi cha 2015 hadi 2023 kilikuwa mkupuo. Swali likawa, je, mkupuo ulitosha?

Kundi la tatu ndilo linaloniudhi na huenda ndilo lenye haki: wanasema kufifia kwa 2023 hakukuwa dalili ya mlipuko hata kidogo, kulikuwa ni mkupuo kwisha tu. Kushuka kutoka juu kurudi kawaida.

#38 Fizikia_Kavu
Kama kundi la tatu lina haki, kufifia kwa 1945 kulikuwa nini? Kile kilishuka CHINI ya kawaida, siyo kurudi kawaida.

#39 MwanaFalaki_Tanga
Kwa vipimo vya macho vya 1945. Peltier na wenzake.

#40 Fizikia_Kavu
Unamtukana Peltier?

#41 Kijiweni_Tu
Ugomvi huo. Endeleeni, karanga bado zipo.

#42 Mzee_wa_Songea
Mnasubiri nyota moja hafifu, sisi tumeona supanova yenyewe. Mwaka 1987 nilikuwa mwalimu kijana, shule ya bweni. Mwalimu wa jiografia alisikia redioni, akatutoa nje na wanafunzi wote, kule kusini karibu na lile wingu jeupe la Magellan. Umeme ulikuwa umezimwa saa tatu kama kawaida ya bweni, giza totoro. Nukta ya rangi ya chungwa, ndogo, huwezi kuipa heshima mpaka uambiwe. Wanafunzi walitaka kujua tu kama kesho kuna mtihani.

#43 BintiPangani
Mzee una bahati, Ulaya nzima haikuiona hiyo, ilikuwa kusini mno kwao. Na iko ndani ya mada: wapo wataalamu wanaosema nyota iliyolipuka 1987 ilikuwa mbili hapo mwanzo, zikaungana kuwa moja miaka kama elfu ishirini kabla. Ndiyo maana ilikuwa ya buluu wakati wote walitarajia jitu jekundu, na ndiyo maana ina zile pete tatu za gesi.

#44 Fizikia_Kavu
"Wapo wanaosema." Wapo pia wanaosema nyota moja inaweza kugeuka buluu yenyewe kwa sababu Wingu la Magellan lina uhaba wa metali.

#45 BintiPangani
Na pete tatu wanazielezaje?

#46 Fizikia_Kavu
Kwa shida.

#47 NairobiBaridi
Mmetaja RS Ophiuchi, nami nijivunie bara. Ilipolipuka Agosti 2021, darubini za H.E.S.S. kule Namibia zilikuwa miongoni mwa zilizonasa miale ya gama yenye nguvu kubwa kutoka kwake. Wimbi la mlipuko liligonga upepo mzito wa lile jitu jekundu, chembe zikasukumwa hadi kasi ya kutisha. Ilichapishwa mwaka uliofuata. Ndiyo sababu wengine wanaisubiri T Coronae, iko karibu zaidi, jitu lake nalo linapuliza upepo.

#48 Mlinzi_wa_Usiku
Namibia mbingu ya jangwa. Nyinyi mna nini, mawingu na Karura.

#49 NairobiBaridi
Na wewe una jirani anayekushuku.

#50 MuscatMjini
Kuna alichosema binti kwamba hii ni nova na haiwezi kumaliza kibete. Lakini kibete kikiongezeka uzito hadi Jua moja na nukta nne, si kinaanguka chenyewe? Hiki kiko karibu na hapo.

#51 Fizikia_Kavu
Swali bora kwenye uzi mzima. Kikifika hapo kinalipuka chote, hiyo sasa ndiyo supanova, na kwa miaka mingi T Coronae ilitajwa kama mgombea. Yote inategemea: kila mzunguko wa miaka 80, kinapokea zaidi ya kinachotupa, au kinatupa zaidi? Schaefer amepima jinsi mzunguko wa siku 227 ulivyobadilika baada ya 1946, akapata kwamba kilitupa nyingi mno kuliko kilichokusanya. Kwa hesabu hiyo kibete kinakonda, hakinenepi, na supanova haipo.

#52 MwanaFalaki_Tanga
Kwa hesabu hiyo. Wanaotengeneza modeli za kompyuta hawakubali kirahisi, kibete kizito namna hii kwenye modeli nyingi kinabakiza sehemu ya chakula. Mlipuko ujao utapimwa kwa vyombo vya kisasa, mabadiliko ya mzunguko yatajulikana, ndipo mmoja atanyamaza.

Na kuna kitendawili kingine kitakachopimwa. Mwaka 1866 na 1946 zote mbili, miezi michache baada ya kufifia, ilinyanyuka tena mara ya pili hadi daraja la 8 hivi. Wengine wanasema ni kibete kilichopashwa moto kinamulika uso wa jitu. Wengine, ni sahani iliyoinama inayoakisi. Mimi niko na jitu.

#53 Kilimia7
Mimi niko na sahani, kwa sababu tu wewe uko na jitu.

#54 BintiPangani
Habari nyingine imetoka wiki hii, inahusu majitu mazee yenye wenza: Betelgeuse, ile nyekundu ya begani mwa Orioni. Steve Howell na wenzake wametumia darubini ya Gemini kule Hawaii, wamepata kinachoonekana kuwa mwenza wake, yuko karibu naye mno, ndani ya angahewa yake ya nje. Kuna mabadiliko ya mwanga ya kila miaka sita hivi ambayo hayakuwa na maelezo, watu walishatabiri mwenza kwa hesabu.

#55 Mlinzi_wa_Usiku
Na ile kufifia ya 2019 na 2020, waliyosema inalipuka? Huyo mwenza ndiye alihusika?

#56 BintiPangani
Hapana, ile ilikuwa vumbi. Jitu lilitema gesi, ikapoa, ikawa vumbi, likatuzibia.

#57 Kijiweni_Tu
Kwa hiyo jitu nalo lina mwenza mdogo. Atanyonywa na huyo pia?

#58 Fizikia_Kavu
Kinyume chake. Huyo mdogo atazama ndani ya jitu na kumezwa.

#59 Kijiweni_Tu
Nimefurahi kwa ajili ya wazee wote.

#60 Lushois
Nimeona Alphecca! Na ile Epsiloni pia, kwa shida. Halafu giza. Aksanti sana Kilimia. Niulize: bainokula ya ukubwa gani inaonyesha daraja la 10, au lazima darubini?

#61 Kilimia7
Ile ya 10 kwa 50 kwenye giza la kweli, ukitulia na kuegemea ukuta, unaigusa kwa mbali sana. Mjini usijisumbue, tafuta darubini ndogo ya kioo cha sentimita kumi. Lakini wewe ulishajua giza liko wapi, hiyo inatosha kwa kazi hii. Andika tu kila usiku: tarehe, saa, "haijaonekana". Chama cha AAVSO cha Marekani, cha watazamaji wa nyota zinazobadilika mwanga, kinapokea hata hizo za "haijaonekana" kutoka kwa mtu yeyote, na kutoka Kongo sidhani wanazo nyingi.

#62 Mlinzi_wa_Usiku
Dodoma, saa nne na robo usiku. Haijaonekana. Jirani amewasha taa ya nje.